Volkswagen ya mzee: kioo cha mbele, raba, na kilichojificha chini yake

Swali limetoka kwa msomaji wa Ipagala, Dodoma: "Shikamoo fundi. Mzee wangu alikuwa mwalimu Kongwa, na aliniachia Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, ya mwaka 1969. Bado inatembea. Julai mwaka huu niliamka asubuhi nikakuta kioo cha mbele kina ufa mrefu unaoanzia pembe ya chini kushoto. Sikumbuki kupigwa na jiwe. Raba ya kioo imekakamaa kama kuni, na msimu wa mvua uliopita maji yalikuwa yanaingia mpaka kwenye mazulia. Fundi mmoja anasema tupige silikoni pembeni, yatosha. Mwingine anataka ang'oe raba yote, abandike kioo kipya kwa gundi kama magari ya siku hizi. Mimi nataka gari libaki kama mzee alivyoliacha. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mwanangu. Kati ya hao wawili usimfuate hata mmoja. Nitakueleza kwa nini, kisha nikupitishe kwenye kazi yenyewe tangu kung'oa mpaka kumwagia maji. Lakini kwanza turudi kwenye maneno yako machache ambayo kwangu ndiyo swali lenyewe: ufa ulianzia pembe ya chini, na jiwe hakuna.

Kioo kilichopigwa na jiwe huonyesha mahali kilipopigwa. Pita ukucha juu yake utakihisi kitobo, na ukiangalia kwa karibu utaona kama nyota ndogo ambayo ufa umetokea hapo. Ufa wako hauna nyota. Umetokea ukingoni, chini ya raba, maana yake kuna kitu hukohuko ndani kinachokisukuma kioo. Kwa gari la umri huu, mara zote nilizofungua hali ya namna hii nimekuta kutu. Kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo ukingo wa bati unaoshika raba huvimba kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Raba ikiwa bado laini huumeza uvimbe huo. Ikishakakamaa inaupitisha wote kwenye kioo. Ikaja baridi ya Julai ya Dodoma, usiku bati likajikunja, jua la asubuhi likapiga kioo, kikaachia. Kioo chako ndicho kilichoumia mwisho. Aliyeanza kuumwa ni bati.

Hili najua kwa sababu liliwahi kunigharimu. Miaka yangu ya mwanzo nililetewa pikapu ya Peugeot 404 yenye ufa wa pembeni kama huo. Nilitoa kioo, nikaiona kutu, nikaipitishia brashi ya waya, nikapaka rangi juu yake, nikaweka kioo kipya na raba mpya. Haikumaliza miezi minne. Ufa ukarudi pembe ileile. Kioo cha pili nilikinunua kwa fedha yangu, na safari hiyo nilipoikwangua ile rangi nikaona nilichokuwa nimekifunika: bati limeachana tabaka tabaka kama maganda ya kitunguu, na ncha moja imesimama sawasawa na mahali ufa ulipoanzia. Tangu siku hiyo sijaweka kioo juu ya bati nisilolisafisha mwenyewe.

Sasa silikoni. Ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, yenye harufu kali kama siki, ina harufu hiyo kwa sababu inapokauka hutoa asidi ya siki kweli. Asidi hiyo inakula chuma. Ukiipaka juu ya raba yenye nyufa, maji yaliyokwisha kuingia yanafungiwa humo pamoja na asidi, na wewe juu unaona pamekauka, unaridhika. Kuna ubaya wa pili ambao fundi rangi yeyote atakuambia: bati lililoguswa na silikoni halipokei rangi. Rangi hukwepa, inaacha vidoa vya mviringo kama macho ya samaki, na kuiondoa silikoni yote ni kazi ya siku nzima. Mwenye kukupakia silikoni leo anamwachia taabu fundi wa kesho.

Gundi nayo ni nzuri mahali pake. Magari ya kisasa yametengenezwa ukingo mpana wa kupokea gundi, na kioo chenyewe ni sehemu ya nguvu ya bodi. Volkswagen yako haikutengenezwa hivyo. Ukingo wake ni mwembamba, umepangwa uingie kwenye mfereji wa raba, na kioo kinaelea ndani ya raba bila kugusa chuma popote. Barabara ya vumbi ikiitikisa bodi, raba ndiyo inayonyonya mtikisiko. Ukikigandisha kioo kwenye ukingo ule, kila mtikisiko unakwenda moja kwa moja kwenye kioo. Na utapoteza ule mkanda wa aluminiamu unaong'aa kuzunguka kioo, ambao hauna pa kushika pasipokuwa na raba. Kama unataka gari libaki kama la mzee, mkanda ule ni nusu ya uso wake.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha maji ya kwenye mazulia yanatoka kweli kwenye kioo. Volkswagen kuanzia modeli ya 1968 ina matundu ya kuingizia hewa safi, yako mbele ya kioo, nyuma tu ya boneti. Chini ya matundu hayo kuna kisanduku, na kisanduku kina mpira wa kutolea maji ya mvua. Kwa vumbi letu na majani ya mwarobaini, mpira huo huziba, kisanduku kinajaa, na maji yanaingia ndani ya gari huku kioo kikilaumiwa bure. Fungua boneti, tafuta mpira huo, uusafishe kwa waya laini na maji. Angalia na raba ndogo zinazozunguka shina za waipa, nazo hupasuka kwa jua. Baada ya hapo kaa ndani ya gari na tochi, mwombe mtu amwage maji taratibu kwa bomba lisilo na presha, aanzie chini kabisa ya kioo, akae hapo dakika tano, ndipo apande juu. Akianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Gazeti kavu chini ya dashibodi litakuonyesha tone la kwanza. Fanya hivyo haraka, kwa sababu fyuzi ziko chini ya dashibodi hiyohiyo, na maji ya msimu mmoja zaidi yanaweza kukuletea matatizo ya umeme ambayo hayana uhusiano wowote na kioo.

Nadhani utakuta ni vyote viwili, raba na mpira wa kisanduku. Basi tuingie kazini.

Hakiki mwaka wa gari kwa namba ya chasisi, usiamini kadi peke yake. Namba imegongwa chini ya kiti cha nyuma, juu ya lile tuta la katikati. Kwa miaka ya kuanzia modeli ya 1965, tarakimu ya tatu ndiyo mwaka: ikianza na 119, ni modeli ya 1969. Jambo hili ni muhimu kwa sababu Volkswagen hizi zinafanana kwa mbali tu. Za kabla ya modeli ya 1965 zina kioo kidogo kilicho bapa, zilizofuata zina kioo kikubwa zaidi chenye mpindo kidogo, na ile 1303 iliyotoka mwaka 1972 ina kioo kilichobinuka kabisa. Muuzaji akikuambia "kioo cha Volkswagen ni kimoja tu", ondoka.

Kuhusu kioo, kwa maelezo yako cha sasa ni cha tabaka mbili zenye utando katikati. Ndiyo maana kimepata ufa mmoja na bado kimesimama. Kioo kigumu cha tabaka moja hakipati ufa, kinamwagika chote kwa mara moja kama punje za chumvi ya mawe. Nimewahi kuwa kwenye gari la kioo hicho barabara ya Kibaigwa, lori mbele yetu likarusha kokoto. Nilichokiona ni weupe. Kioo chote kiligeuka cheupe kama maziwa kikiwa bado kwenye raba, na dereva akaendesha kwa sekunde kadhaa bila kuona barabara. Nunua cha tabaka mbili. Kioo kipya chenye alama za Ulaya kina herufi E ndani ya duara na maandishi 43R pembeni; tarakimu ya Kirumi I iliyo karibu nayo ni kioo kigumu, II ni tabaka mbili. Usidanganywe kukatiwa kioo na fundi wa madirisha, kwa sababu chako kina mpindo, na kilichokatwa kutoka kwenye kioo bapa hakitakaa.

Kama kinatoka Dar es Salaam, kisafirishwe kimesimama kwa ukingo wake, kimekaa juu ya blanketi na kufungwa kisicheze. Kioo kilicholazwa kwenye buti la basi, juu yake magunia, kinafika Dodoma vipande.

Raba ndiyo usiyoipunja. Nunua iliyomwagwa mzima mzima kama pete, pembe zake zikiwa zimeumbwa kiwandani. Ile ya kuuzwa kwa mita, inayokatwa na kuunganishwa kwa gundi, itaachia palepale ilipounganishwa. Hakikisha ina mfereji wa tatu wa kupokea mkanda wa aluminiamu, maana kuna raba za Volkswagen zinazouzwa bila mfereji huo, na wengi wamegundua wakiwa wamekwisha ikata ya zamani. Kunja kipande chake kwa vidole, ukibane. Raba nzuri haionyeshi nyufa kwenye mkunjo, na ukiiachia inarudi bila uvivu.

Kung'oa. Toa mikono ya waipa, tandika blanketi zito juu ya boneti na dashibodi, kisha ziba matundu yote ya hewa yaliyo chini ya kioo kwa gundi ya karatasi, yaani ule utepe wa karatasi unaonata. Usilipuuze hilo la matundu. Vipande vidogo vya kioo vikiingia humo vitalala, na siku utakapofungulia hewa vitakuja machoni mwako. Vaa miwani ya kukinga na glavu za ngozi. Pita gundi ya karatasi juu ya ufa ili kioo kisiachane mikononi.

Mkanda wa aluminiamu hautolewi kwa bisibisi. Ni laini, ukipinda hata kidogo kunabaki kovu ambalo halinyooki. Chukua wembe mkali, kata ulimi wa nje wa raba kuzunguka, karibu na mkanda, mpaka mkanda wenyewe ulegee na utoke bila kuvutwa. Una vipande viwili vinavyokutana katikati, na vibanio vidogo vinavyofunika maungio. Vibanio hivyo vitie kwenye bahasha, uiandike, uiweke ndani ya nyumba. Nimeona magari yaliyokamilika kila kitu isipokuwa kibanio kimoja kilichopotea kwenye mchanga wa gereji.

Ulimi wa nje ukiisha kukatwa, mtu mmoja akae ndani asukume kioo kwa viganja kuanzia pembe za juu, mwingine nje apokee. Juu, wembe usiende mbali: kitambaa cha dari kimekunjwa kikagundishwa kwenye ukingo uleule, na ukikikata utakuwa umejiongezea kazi nyingine ya wiki nzima.

Sasa umefika kwenye bati, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Toa mabaki yote ya raba na gundi, mpaka ukingo wote uonekane. Chukua bisibisi ya zamani uchokonoe pembe ya chini kushoto. Ikipenya, usishtuke, ndivyo nilivyotarajia. Chini kwenye pembe ndiko maji yanakotulia, na vumbi likiingia hapo hukaa na unyevu kama sponji hata wiki moja baada ya mvua kuisha.

Kutu ya juu juu utaitoa kwa brashi ya waya na msasa namba 80 mpaka chuma king'ae. Ninaposema king'ae nina maana ya kung'aa kweli, bila madoa meusi. Vile vidoa vyeusi vilivyozama kwenye vishimo ndivyo vitakavyofufuka. Vipake asidi ya fosforasi ya kugeuza kutu, iache ifanye kazi kadiri ya maelekezo ya chupa, safisha, rudia. Palipotoboka hapana njia ya mkato: kata mpaka ufike kwenye bati zima, chomelea kipande chenye unene uleule, na usage maungio yalingane. Fundi wa kuchomelea atataka kuweka kiraka juu ya bati la zamani kwa sababu ni rahisi. Mkatalie. Ukingo ukiwa na unene mara mbili, mfereji wa raba hautauvaa pale, utabenuka, na utakuwa umetengeneza upya kilekile kilichovunja kioo cha kwanza. Puti nayo isikaribie ukingo huu kabisa. Puti hunywa maji, na chini ya raba hakuna anayeona inavyovimba.

Kisha praima ya epoksi, kisha ndani ya maungio ya bati upake siligi ya bodi (kizibio cha maungio) inayopakika rangi, ndipo rangi ya gari. Halafu ungoje. Rangi mbichi hushikana na raba, na kamba ya kuwekea kioo huikwangua mpaka kwenye chuma. Mimi naacha wiki moja, na kwa kuwa mvua za huku hazishiki vizuri mpaka mwisho wa Novemba au Desemba, wiki moja unayo. Funika uwazi wa kioo kwa turubai, gari likae kivulini.

Siku ya kuweka, pima kwanza bila raba. Weka vipande vidogo vya raba ya zamani kwenye ukingo wa chini, simamisha kioo juu yake, pata watu wawili wa kukishika, wewe zunguka ukitazama nafasi kati ya kioo na bati. Iwe sawa pande zote. Kama upande mmoja umebana na mwingine umeachana, gari liliwahi kugongwa na halikunyooshwa vizuri, na kioo hakitadumu mpaka uwazi unyooshwe. Ni afadhali kulijua leo.

Watu wengi hufanya kazi hii mchana wa jua kali. Kwa Dodoma, saa nne asubuhi ndiyo nzuri: raba imepata joto la kulainika na ule upepo wa vumbi wa mchana haujaamka. Vumbi likiganda kwenye raba iliyolowa sabuni linakuwa msasa. Kama ni kipindi cha baridi, iloweke raba kwenye beseni la maji ya moto nusu saa kabla.

Kilainishi kiwe sabuni ya maji ya kuoshea vyombo iliyochanganywa na maji, au gliserini ya duka la dawa, ambayo mimi naipenda zaidi. Maji yenyewe yawe ya mvua au ya kunywa ya chupa. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na chumvi hiyo inabaki ndani ya mfereji, juu ya bati lako jipya. Grisi, oili, dizeli, vyote hivyo ni mwiko. Huifanya raba ing'ae siku mbili, kisha inavimba na kulegea.

Laza kioo juu ya meza iliyotandikwa blanketi, meza iwe ndogo kuliko kioo ili kingo zining'inie. Anza kuvalisha raba kwenye pembe, zote nne, ndipo uje kwenye pande. Utaona kama raba imezidi kidogo. Usiivute na usiikate. Isukume ziada hiyo kwa kidole gumba igawanyike kwenye pande ndefu, juu na chini. Raba iliyovutwa hukumbuka urefu wake. Baada ya miezi michache inarudi, na inapoachia ni pembeni. Mkanda wa aluminiamu unaingia sasa, kioo kikiwa bado mezani, na mfereji wake ukiwa umelowa vizuri. Kwenye Volkswagen ukishafunga kioo kwenye gari ndipo ukumbuke mkanda, umechelewa.

Kamba sasa. Tafuta ya nailoni iliyo laini, unene wa milimita 4 au 5, urefu wa mita 4 utatosha, au waya wa umeme wa uzi mmoja wenye ganda la plastiki. Kuiingiza kwenye mfereji utakaovaa bati, chukua kalamu ya wino ambayo mrija wake unapitisha kamba hiyo, toa utambi, pitisha kamba ndani ya mrija wake, kisha tembeza ncha ya mrija ndani ya mfereji kuzunguka kioo chote. Kamba inajilaza yenyewe nyuma ya kalamu. Anzia katikati chini na umalizie hapohapo, ncha zipishane kama shubiri moja, na mikia yote miwili itokezee upande wa ndani ya gari. Ibandike mikia hiyo kwenye kioo kwa gundi ya karatasi isije ikabanwa.

Lowesha ukingo wa bati. Watu wawili nje wakiinue kioo, wakisimamishe kwenye ukingo wa chini, sawa katikati, kisha wakilaze kwenye uwazi. Mtu wa tatu, awe wewe, akae ndani. Shika mkia mmoja wa kamba na uuvute kuelekea katikati ya kioo, sambamba na kioo chenyewe. Ukiivuta moja kwa moja kuja kifuani mwako, kamba itaukata ulimi wa raba kama uzi unavyokata ugali. Vuta sentimita tano, simama, tazama. Ulimi wa raba unainuka, unasitasita juu ya ukingo, kisha unaangukia ndani na mlio mdogo, tap. Ukiusikia mlio huo ujue kipande hicho kimevaa. Mwenzako wa nje awe anaifuata kamba yako kwa kiganja kilichofunguka, akibonyeza palepale ilipo kamba. Mkono wake na wako viongozane, ninyi mnatazamana kupitia kioo, na mwongee: "hapa, bado, haya, songa."

Maliza upande wa chini kwanza, kutoka katikati hadi pembe zote mbili. Kisha mwenzako apige ukingo wa juu kwa kiganja kuelekea chini, taratibu, kioo kishuke kikae. Ndipo mpande pande za kushoto na kulia kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, na kufungia juu. Pembeni kamba itakwama. Ikikwama usiongeze nguvu. Ongeza sabuni, usaidie ulimi kwa mpini wa kijiko cha mbao, na mwambie mwenzako asogeze kiganja hadi usawa wa pembe. Kioo cha tabaka mbili hakipendi kubonyezwa sehemu moja huku upande wa pili ukiwa hewani, na ngumi haina kazi hapa kabisa.

Raba nzuri juu ya ukingo ulionyooka haihitaji gundi yoyote. Ukimaliza, futa sabuni, acha vioo vya milango wazi kidogo kwa siku nzima. Bodi ya Volkswagen hii imefungana sana, na mlango ukibamizwa vioo vikiwa juu, hewa inasukuma kioo cha mbele kabla raba haijatulia. Kesho yake rudia jaribio la maji, kuanzia chini kama mwanzo, na tochi na gazeti. Likitokea tone, weka alama kwa chaki, kausha pote, kisha inua ulimi wa raba hapo uangalie kama umejikunja. Mara nyingi ni hilo tu, na linanyooshwa kwa kijiko.

Baada ya hapo raba haidai mengi. Adui wake ni jua letu, basi gari likae chini ya mti au kibanda, na mara mbili kwa mwaka uifute kwa kitambaa chenye gliserini. Ukifagia majani kwenye yale matundu ya hewa kila mwanzo wa mvua, mazulia ya mzee yatabaki makavu.

Ukishang'oa kioo, kabla hujagusa msasa, nipigie picha ya ile pembe ya chini kushoto, moja kwa nje na moja ukiwa ndani, uweke sarafu kando ili nione ukubwa wa kutu. Nitakuambia kama ni ya kusafisha au ya kukata.